Mtu wa Mwisho na Amplifaya ya Papa Etienne

Mafundi vijana, mmeniomba niandike jinsi nilivyokuwa nikichagua vyombo, hasa hizi amplifaya mpya za gitaa ambazo kila mpigaji wa kwaya, kutoka Kanamkemer hadi Kakuma, anaziulizia. Nimeketi kuandika mara tatu. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kutazama pikapu iliyopita na mlio nisioujua. Mara ya pili niliinuka bila sababu. Hii ya tatu ninaandika nimesimama, daftari likiwa juu ya jokofu bovu, na huenda nikafika mwisho.

Sitaeleza nililipwa nini wala nani alinipandisha cheo. Katika kazi ya sauti nilipanda ngazi tu, zile za mbao, kwenda kufunga spika.

Niliacha shule darasa la sita, huko Kitale. Watu hudhani ni karo. Karo ilikuwa tatizo, ndiyo, lakini kilichonitoa hasa ni redio ya mwalimu wa hesabu. Ilinyamaza Jumatatu moja, nami nikaifungua wakati wa mapumziko ili nione sauti inakaa wapi. Kuifungua niliweza. Nikapewa barua ya kumwita baba. Barua sikuipeleka. Nilipanda lori la mahindi lililokuwa likielekea Lodwar, nikawa utingo, nikajiambia nitarudi nyumbani lori likirudi. Lori lilirudi.

Lodwar nilimkuta Fundi Ekal, Mturkana mwembamba aliyekuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, akitengeneza redio na kukodisha vipaza sauti kwa harusi, mazishi na mikutano. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokufa. Nikachukua bisibisi.

“Wewe Barasa wa Kitale,” akasema, “hiyo redio imekukosea nini?”

“Haisemi, fundi.”

“Umeiuliza?”

Nikadhani ananidhihaki. Akaichukua, akaiwasha, akaiweka sikioni na kukaa hivyo muda mrefu hata nikaanza kuhesabu misumari ya ukuta. Kisha akasema waya mmoja umeachia karibu na spika, na kweli ukawa umeachia. “Kabla ya kushika bisibisi,” akaniambia, “shika mdomo.”

Jambo la pili alilonifunza ndilo lililonilisha miaka yote iliyofuata. Kwenye sherehe, tukishafunga spika na kuziwasha, Ekal hakukaa kwenye mixa, ile meza ya kuchanganyia sauti, kama mafundi wengine wanaopenda kuonekana. Alitembea. Alipita hema la wageni, akapita viti vya plastiki, akapita wanawake waliokaa chini, mpaka akamfikia mtu wa mwisho. Mara nyingi alikuwa mchungaji aliyechelewa na mbuzi wake, au mama aliyeona aibu kusogea. Ekal aliketi karibu naye, akamsalimu, “Ejok,” wakaongea mambo ya mvua. Halafu akamuuliza, “Unasikia nini?”

“Usimuulize kama anasikia,” alinionya. “Atasema ndiyo, kwa heshima. Muulize anasikia nini.”

Mtu wa mwisho akisema anasikia kelele ya watu, tuliongeza. Akisema anasikia mzee mmoja anamlaumu mkwewe, tuliacha.

Miguu yangu haikutulia. Niliondoka kwa Ekal na kurudi mara saba. Niliwahi kwenda Lokichoggio kwa sababu nilisikia kuna jenereta kubwa kama nyumba, nikataka kuiona. Nikaiona. Nikakaa mwaka. Kakuma nilienda kutengeneza kipaza sauti kimoja na nikaondoka baada ya miaka minne. Lorugum nilikwenda kumtembelea Ekal alipostaafu na kurudi kwa mifugo yake, na ndiye aliyenirudisha Lodwar kwa nguvu: alinipa ufunguo wa kibanda na kuniambia mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu bado amefungwa. Sikuelewa, na nadhani hakukusudia nielewe.

Vyombo vyangu vya kazi mnavijua. Testa, chuma cha kulehemu ambacho mpini wake nimeufunga kwa ngozi, na brashi ya rangi. Mkicheka brashi, mtakuja kulia. Kwa kila amplifaya kumi zilizoletwa kwangu zikiwa “zimeungua,” sita zilikuwa zimejaa vumbi tu. Zile za zamani za vali, zenye taa za kioo zinazowaka ndani, nilizipenda kuliko watu wengine, lakini hazikuumbwa kwa ajili ya Turkana. Enzi zile kabla ya lami, ukiitoa moja Lodwar ikiwa nzima, ilifika Kakuma ikiwa kayamba.

Ndipo zikaja hizi za kuiga. Ndani yake mna kompyuta ndogo iliyofundishwa kuigiza amplifaya nyingine: ukichagua hii inalia kama ya vali, ukichagua ile inanguruma kama lori linalopanda mlima. Ya kwanza kuingia mikononi mwangu niliifungua jioni ile ile, kabla hata ya kuipiga. Nilikuta ubao mmoja kama wa simu. Nikasikitika kidogo, kisha nikashangaa, kisha sikulala. Kitu kisicho na vali kinajuaje vali inavyolia? Bado sijapata jibu la kuniridhisha, na mwenye nalo aje.

Kosa langu la mwanzo nililifanya na hiyo hiyo. Mimi hupiga gitaa kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, lakini napenda. Niliitengenezea sauti tamu chumbani kwangu Kanamkemer, kwa sauti ya chini kwa ajili ya majirani: besi nene kama uji, sauti za juu zimelainishwa. Nikaibeba hadi Lorugum kwenye sherehe ya shule. Ngoma zilipoanza, gitaa likatoweka. Watu waliniona nikichezesha vidole tu. Chumbani, sauti ikiwa ya chini, sikio hutamani besi. Uwanjani besi hiyo hiyo inaliwa na ngoma, na kinachobaki kukutambulisha ni sauti za kati na zile nyembamba za juu, yaani trebo. Andikeni hili ukutani: sauti ya nyumbani isipelekwe uwanjani. Hifadhini mbili, kila moja mahali pake.

Somo hilo nililishika sana. Kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Papa Etienne alikuja kibandani akitokea Kakuma, amebeba gitaa mgongoni ndani ya gunia la mchele lililoshonwa vizuri. Ni Mkongo, mpigaji wa solo wa kwaya moja upande wa kambi ya wakimbizi. Kwaya ilikuwa imechanga ili inunue amplifaya moja, na iwe yake ya kufanyia mazoezi nyumbani na ya kanisa siku ya ibada. Akataka nimchagulie. Nikamuuliza anaishi wapi na anapiga wapi.

“Mu nyumba yangu, fundi, mtoto analala nyuma ya huu ukuta, jirani analala nyuma ya ule. Nikipiga nguvu, banagonga. Nikipiga polepole sana, vidole vinasahau.”

“Na kanisani?”

“Kanisani kuko ngoma tatu, bamama makumi mbili, na mabati juu.” Akacheka. “Mabati nayo inaimba.”

Nilimwambia aniachie wiki moja. Muuzaji mmoja wa Kitale aliyenijua alikubali tujaribu mbili. Moja ilikuwa ndogo ya kukaa mezani, ya betri, yenye sauti mia na kitu zilizochaguliwa kwa simu. Nyingine ilikuwa sanduku lenye spika moja ya inchi kumi na mbili, wati hamsini, na nyuma yake mna swichi ya kupunguza nguvu hadi nusu wati, tundu la vifaa vya masikioni, na tundu la kupeleka sauti kwenye mixa. Hii ilikuwa na sauti chache, na kila sauti ilikuwa na kitufe chake cha kuzungusha au kubonyeza.

Etienne aliipenda ndogo. Ilikuwa na taa za rangi. Nyumbani kwake Kakuma, mtoto akiwa amelala kweli nyuma ya ukuta, ilitoa sauti tamu hata mke wake akaacha kuchagua maharagwe. Tukaitoa nje saa saba mchana, mpiga ngoma mmoja akaanza, nayo ikawa mbu kwenye ngurumo. Ingeweza kupitishwa kwenye mixa, sawa, lakini mpigaji mwenyewe asingejisikia. Na jambo jingine ambalo hamtalikuta kwenye karatasi zinazokuja na chombo: Etienne alipotaka kubadilisha sauti, jua lilimzuia kuona kioo cha simu, na alipoikinga kwa mkono, simu ikaandika kwamba imepata joto sana, ikajizima. Turkana chagua chombo chenye vitufe unavyoweza kuvipapasa. Simu iwe ya kupigia watu.

Kubwa ilipowekwa kwenye nusu wati, mtoto hakuamka. Ilipofunguliwa yote, mpiga ngoma alinyoosha shingo kuitazama. Tukaichukua.

Watu hupenda kuuliza chombo kina sauti ngapi. Sijawahi kumwona mpigaji mzuri anayetumia zaidi ya tatu: moja safi, moja yenye ukali kidogo, na moja ya kuwaonyesha wageni. Nikamtengenezea Etienne zake tatu, nikazihifadhi kwenye nafasi ya nne, ya tano na ya sita, kwa kuwa vitufe vya upande ule vilikuwa rahisi kwa kidole chake kikubwa cha kulia. Nafasi ya kwanza niliiacha na sauti ya kiwandani, ile ya lori na mlima. Ilinichekesha. Nilijua kwamba chombo kikiwashwa huanzia nafasi ya kwanza, nikamwambia Etienne, “Ukiwasha, bonyeza nne,” naye akasema sawa.

Jumapili ya kwanza nilikuwepo. Akiru, mwanafunzi wangu wa ufundi, alikuwa nami. Mnamjua, ndiye mwenye funguo za kibanda sasa, lakini wakati huo alikuwa na miaka sita kazini na alikuwa ameanza kunisahihisha. Ibada ilikwenda vizuri. Mama Riziki, mwenyekiti wa kwaya, mama wa sauti nzito asiyependa mchezo, alisimama kuomba. Etienne akampigia chini chini, kamba mbili tu, sauti safi kama maji ya mtungini. Watu walifumba macho. Nami nilifumba, ingawa mimi kanisani hutazama nyaya.

Jenereta ikazima. Petroli. Hakuna aliyeshtuka, maombi yakaendelea kwa mdomo, na nje mtu akamimina mafuta na kuvuta kamba. Umeme ukarudi. Etienne, macho yamefumbwa, hakuacha kupiga. Amplifaya ikaamka kama kompyuta inavyoamka, polepole, ikajikuta kwenye nafasi ya kwanza, na ikanguruma.

Mabati yalitetemeka. Watoto wakalia. Mtu nyuma alisema “Amina!” mapema sana. Etienne aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, mkono wake ukagonga kamba zote sita, na lori likapanda mlima tena.

Baada ya ibada Mama Riziki aliniita nje.

“Baba Barasa, kile ni chombo au ni mnyama?”

“Ni chombo, mama. Kosa ni langu.”

“Kosa la nani sikuuliza. Nimeuliza kitu gani.” Wanakwaya nyuma yake walikuwa wakibana vicheko. “Kuna watu wanasema tuachane na gitaa tununue kinanda. Mimi nilikuwa nikiwakataza. Kinanda hakijawahi kututukana.”

Akatoa hukumu yake pale pale. Binti yake alikuwa akiolewa Jumamosi ya tatu kuanzia siku ile. Etienne atapiga. Gitaa likiharibu harusi, amplifaya itauzwa, kitanunuliwa kinanda, na gitaa litapumzika.

Tulimfuata Etienne mpaka kwake. Alilitoa gitaa kwenye gunia, akalirudisha, akalitoa tena. “Fundi,” akasema, “huku watu bananijua kwa hii tu. Bakisema Etienne, mwingine anauliza Etienne gani, banajibu wa gitare. Nikibaki bila hii, niko Etienne gani?”

Nilifungua mgongo wa chombo bila sababu, nikaufunga.

Kurekebisha kosa lilikuwa jambo la dakika mbili. Nilihamisha ile sauti safi kwenye nafasi ya kwanza na kufuta ya kiwandani kabisa. Hili pia liandikeni ukutani, na kubwa kuliko lile la kwanza: nafasi ya kwanza iwe ile sauti unayoweza kuisimamia umeme ukirudi ghafla katikati ya maombi. Vitabu vya chombo vimeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki.

Kisha tukaenda kujaribu mahali pa wazi, kando ya mto mkavu, penye migunga mikubwa, kwa kuwa harusi ingekuwa nje. Nilikumbuka Lorugum, gitaa lililotoweka. Nikaongeza trebo. Etienne akapiga. Nikasogea nyuma hatua hamsini, nikaona bado ni butu, nikarudi nikaongeza tena. Ikawa tamu kwangu. Nikamwona Akiru amekunja uso kama anayelamba ndimu.

“Mzee, punguza juu.”

“Wapi juu?”

“Trebo. Inachoma.”

“Ikichoma hapa, kule kwa mtu wa mwisho itafika ikiwa baridi. Kazi hii nimeifanya kabla hujazaliwa.”

“Ndiyo shida yenyewe, mzee.”

Nikamgeukia Etienne. “Inachoma?”

Akatazama vidole vyake. “Fundi ndiye anajua.” Nimeeleza mambo ya heshima hapo juu. Nilipaswa kumuuliza anasikia nini.

Nikaanza kumfokea Akiru, na nikasema maneno ambayo sitayaandika. Alinisubiri nimalize. Kisha akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, “Mzee, hebu niambie. Nyenje wa kwenye hii migunga, wanalia au wamenyamaza?”

Nikasikiliza. Nikashika mdomo, kama Ekal alivyonifunza. Upepo. Etienne akikohoa. Pikipiki mbali barabarani.

“Wamenyamaza,” nikasema.

Nikamtazama Etienne, naye alikuwa akitazama juu mtini, mahali ambapo kwa kila mtu mwingine kulikuwa na kelele ya kuziba masikio.

Mtu anayekaa miaka mingi mbele ya spika hupoteza sauti za juu kwanza, taratibu, na kwa kuwa zinaondoka taratibu yeye hudhani ni dunia imetulia. Mimi nilikuwa nimedhani nyenje wamepungua kwa sababu ya ukame. Kweli. Nilikuwa nimewahi kumweleza mtu hivyo, kwa kina, nikiwa na sababu tatu.

Nilifanya nilichozoea kufanya. Nilidandia lori hadi Lokichoggio. Nilikaa siku mbili, nikaitafuta ile jenereta kubwa kama nyumba, nikaambiwa iliondolewa zamani. Hakukuwa na kitu kingine nilichokuwa nikikitaka pale. Siku ya tatu nikarudi Kakuma, nikamwambia Akiru nimerudi kwa sababu nilisahau testa yangu. Akanipa testa. Hakunicheka, na kama mngemjua wakati ule mngejua ilimgharimu.

“Panga wewe,” nikamwambia. “Mimi nitakuuliza maswali.”

Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zilizobaki. Akiru akazungusha vitufe, mimi nikauliza: kamba ya kwanza inasikikaje ukilinganisha na ya tatu? Ukigeuka mgongo? Mama akiimba juu yake, nani anamfunika mwenzake? Alishusha trebo karibu nusu, akainua sauti za kati, akakata besi. Kila hatua kwangu chombo kilikuwa kikizidi kufunikwa blanketi. Nilitaka kuupiga mkono wake. Badala yake niliuweka wangu mfukoni, nikashika bisibisi iliyokuwemo, nikaishikilia.

Jumamosi ya harusi jua lilikuwa kali hata viti vya plastiki havikaliki. Hema la maharusi lilifungwa upande wa mashariki. Tuliiinua amplifaya juu ya kreti mbili za soda, kwa sababu chombo kilichowekwa chini hupigia miguu. Tukaielekeza kwa Etienne mwenyewe ajisikie, na waya wa lile tundu la nyuma tukaupeleka kwenye mixa na spika kubwa kwa ajili ya umati. Akiru akaketi kwenye mixa. Mama Riziki alipita na gauni lake la dhahabu, akatazama kreti, akanitazama mimi.

“Mnyama amekula?”

“Ameshiba, mama.”

“Tutaona.”

Etienne alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Hakunitazama. Kwaya ikaanza, naye akaingia, na kutoka nilipokuwa nimesimama nilisikia ngoma, nikasikia besi, nikasikia bamama, na gitaa nikalisikia nusu tu, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Niliangalia mkono wa Akiru. Haukusogea. Nikaona siwezi kusimama pale. Nikaanza kutembea.

Nilipita hema la wageni, nikapita viti, nikapita vijana waliokaa juu ya pikipiki zao, nikapita ua wa miiba. Nje kabisa ya ua, kwenye kivuli chembamba cha mti mmoja, alikuwa ameketi mama mzee wa Kiturkana, shanga zimejaa shingoni, mbele yake magunia mawili ya makaa na debe tupu. Hakuwa amealikwa. Alikuwa akiuza.

“Ejok,” nikasema.

“Ejok-noi.”

Tukaongea bei ya makaa, ambayo ilikuwa mbaya, na mvua, ambayo haikuwepo. Nilitaka kumuuliza swali langu, nikaogopa. Miaka yote hiyo nimeuliza watu wa mwisho, sikuwahi kuliogopa jibu. Nikageuka kuondoka. Hapo jenereta ikazima.

Kelele ya umati ikashuka. Bamama wakaendelea kuimba bila vipaza sauti, kwa mbali sana, na ngoma. Nilijua ni nini kinafuata: mtu anamimina mafuta, mtu anavuta kamba, chombo kinaamka. Niliona watu wawili watatu ndani ya ua wakigeuza vichwa kuelekea kwenye kreti. Walikuwa wamekumbuka.

Jenereta ikanguruma. Umeme ukarudi.

Ngoma zilirudi kwangu, na besi. Hakuna aliyepiga kelele. Lakini gitaa sikulisikia kabisa, si nusu wala robo, na kwa mbali ile sikuweza kujua kama Etienne anapiga au ameshusha mikono.

Nikamgeukia mama. “Mama, unasikia nini?”

Akainamisha kichwa kidogo, akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Nasikia watu naimba. Nasikia ngoma.” Akafikiri. “Na ile nyingine, ile nacheka juu yao kama maji. Ile nzuri.”

“Haichomi?”

“Nachoma nini? Nacheka tu.” Akanitazama, kisha akayatazama masikio yangu, kama anayemkagua mbuzi wa kununua. “Kwani wewe hapana sikia?”

Nilifungua mdomo niseme nasikia. Kwa heshima.

“Sisikii, mama,” nikasema.

Hakushangaa. Alilivuta lile debe tupu, akaligeuza, akalifuta makaa kwa kiganja na kuliweka kivulini kando yake.

“Basi kaa hapa,” akasema. “Ikinyamaza, nitakuambia.”

Nikakaa. Nilikaa mpaka bibi harusi akaondoka, na mara mbili tu nilitaka kuinuka. Mama yule hakuniambia kitu hata mara moja.